Kelele za Gitaa la Umeme na Mipaka ya Ngao ya Shaba

Sauti ya gitaa la umeme huanzia kwenye kifaa kidogo kilichofungwa chini ya nyuzi, ambacho wanamuziki hukiita pikapu, nacho ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku hiyo, uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, hubadilika kwa kufuata mtetemo, na mabadiliko hayo huzalisha umeme hafifu ndani ya koili ambao amplifaya huukuza hadi usikike ukumbini. Koili hiyo, hata hivyo, haibagui. Uga wowote unaobadilika karibu nayo, uwe umetoka kwenye uzi au kwenye transfoma iliyo ndani ya amplifaya yenyewe, huzalisha umeme vilevile. Umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki hubadili mwelekeo wake kwa mizunguko 50 kila sekunde, kiwango kinachoitwa hezi 50, na kiwango hicho kinakaribiana sana na noti ya G ya chini kabisa katika gitaa la besi, ndiyo maana kelele hiyo huweza kusikika kama noti ambayo hakuna aliyeipiga.

Wamiliki wengi wa magitaa yenye pikapu za koili moja, ambayo mfano wake mashuhuri ni Stratocaster iliyotolewa na kampuni ya Fender mwaka 1954, hujaribu kuiondoa kelele hiyo nyumbani kwa kubandika utepe wa shaba ndani ya uvungu wa gitaa, yaani mashimo yaliyochongwa kwenye ubao ili kubeba pikapu, swichi na nyaya. Kazi hiyo ina manufaa ya kweli, lakini huwavunja moyo wengi kwa sababu kelele ni za aina mbili, na shaba hutibu moja tu. Mkwaruzo mkali unaotokana na taa za mirija, swichi za kupunguzia mwanga na chaja duni hufika zaidi kupitia uga wa umeme, na uga huo huzuiwa na ganda lolote la metali lililounganishwa na ethi, kama Michael Faraday alivyothibitisha mwaka 1836 alipoingia ndani ya chumba kilichofunikwa kwa metali. Mngurumo mzito wa transfoma hufika kupitia uga wa sumaku, na huo hauzuiliki kwa njia hiyo, kwani ili shaba iupunguze ipasavyo katika hezi 50 ingehitaji unene unaokaribia sentimita moja, ilhali utepe unaouzwa madukani haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Kwa hiyo uchunguzi hutangulia bisibisi. Iwapo kelele inaendelea hata kitufe cha sauti kwenye gitaa kikizungushwa hadi sifuri, chanzo chake kwa kawaida kiko kwenye kebo au amplifaya, na kulifungua gitaa hakutasaidia. Iwapo kelele inapanda na kushuka mpiga gitaa anapogeuka huku na huku akiwa amesimama mahali pamoja, sehemu kubwa ni ya sumaku. Iwapo inapungua pindi mkono unapogusa nyuzi, ni ya umeme, na hapo kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume, kwa kudhani kwamba gitaa lina hitilafu. Mwili wa binadamu hupokea uga wa umeme kama antena na kuupeleka karibu na pikapu, na nyuzi, ambazo zimeunganishwa na ethi kupitia waya ulio chini ya daraja, huutuliza mwili huo zinapoguswa. Kupungua kwa kelele ni dalili kwamba waya wa daraja unafanya kazi, na kwamba kinachokosekana ni ngao.

Katika Stratocaster za kisasa bamba la plastiki lililobeba pikapu zote hushikiliwa na skrubu 11, na likishainuliwa uvungu mzima huonekana. Utepe hubandikwa chini na kwenye kuta, kipande kimoja kikipanda juu ya kingine, kisha hukunjwa kidogo juu ya ukingo wa shimo ili ugusane na shaba iliyobandikwa upande wa chini wa bamba, kwa kuwa ngao yenye sehemu zisizogusana hubaki vipande visivyo na kazi. Gundi ya tepe nyingi haipitishi umeme, hivyo kila kiungo huhitaji tone la lehemu, na multimita inapaswa kuonyesha chini ya omu 1 kati ya pembe zozote mbili. Karatasi ya alumini ya jikoni nayo hukinga, ila hailehemiki kwa urahisi. Kosa linaloudhi kuliko yote hutokea wakati wa kufunga, pale ncha ya jeki inayobeba sauti au mguu wa swichi unapogusa shaba, gitaa likawa bubu kabisa. Kipande cha tepu ya umeme kikibandikwa mahali hapo mapema huliepusha.

Gitaa likiwa wazi, nyaya zake nazo zinastahili kuangaliwa, kwani ndizo zinazoamua wembamba au uzito wa sauti. Pikapu, kapasita ya kitufe cha toni na hata kebo huunda mfumo mmoja: kebo ya mita 6, yenye takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, ikiungana na koili ya Stratocaster hutoa kilele cha mwitikio karibu na hezi 4,000, eneo ambalo mpiga solo wa muziki wa dansi hulitegemea ili noti zake zipenye juu ya ngoma na tarumbeta. Vitufe vya kiloomu 250, vinavyotumika kwa kawaida na koili moja, hukituliza kilele hicho, na vya kiloomu 500 hukiacha kiwe kikali. Katika mpangilio wa asili wa Stratocaster pikapu ya karibu na daraja haina kitufe cha toni, ingawa ndiyo yenye makali zaidi, na kipande kifupi cha waya kati ya miguu miwili ya swichi hurekebisha upungufu huo. Kwa gharama yake, hayo huenda ndiyo mabadiliko yenye faida kubwa kuliko yote.

Mngurumo wa sumaku unatibiwa ndani ya pikapu yenyewe. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza mwaka 1955 kwa pikapu yenye koili mbili zilizozungushwa kwa mielekeo inayopingana na zenye sumaku zilizopinduliwa, hivyo kelele ya nje huingia katika koili zote mbili na kujifuta, huku sauti ya nyuzi ikijumlika. Stratocaster nyingi za sasa hutumia kanuni hiyohiyo kwa kuipindua pikapu ya katikati, ndiyo maana nafasi ya 2 na ya 4 za swichi huwa tulivu kuliko nyingine.

Yeyote atakayeifanya kazi hii akumbuke kwamba nyuzi anazozishika zimeungana moja kwa moja na bodi ya amplifaya. Baadhi ya watu hukata ethi ya plagi au kutumia adapta isiyo na ethi ili kupunguza mngurumo, na hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya ya namna hiyo, umeme wa ukutani hufika kwenye vidole vya mpiga gitaa, na akigusa maikrofoni iliyounganishwa na ethi kwa mdomo, shoti hiyo inaweza kumuua. Amplifaya ya namna hiyo isiwashwe hadi fundi wa umeme atakapoirudishia ethi yake.