Ndai ya zamani, usukani wa Vitz: hivi ndivyo fundi huuhamisha

Umejijengea ndai juu ya chesisi ya zamani na kila kona kati ya Rongo na Homa Bay inakutoa jasho? Tafuta kolamu ya usukani ya Toyota Vitz ya kuanzia 2005. Mota yake iko chini ya dashibodi, so huhitaji pampu, mkanda wala paipu za oili. Fundi anaiunga na steling boksi yako, kisha anavuta waya mnene wenye fyuzi kutoka kwa betri.

Cheki, bila ishara ya spidi, nguvu ya mota haipungui ukikanyaga mafuta. 

Lakini usicheze na shafti. Weldi ikiachia, ndai inaenda inakotaka. Tafuta msee anajua kuchomelea, halafu ikaguliwe NTSA kabla hujabeba mbogi.