Nyadhi kwa Sekunde 30

Kama umewahi kesha kwa ngoma ya ohangla, unajua vile pakruok hufanyika. Msee anainuka, anasimamisha ngoma, anachomoa rwabe, halafu anaanza nyadhi, anajimwagia sifa: yeye ni mtoi wa nani, mathe yake alitoka upande gani wa ziwa, mbogi yake inatingisha mtaa kiasi gani. Watu wanapiga nduru, doh inaingia kwa mfuko wa msanii, ngoma inarudi. Hakuna mtu anaitisha ushahidi, na hapo ndio utamu uko.

Sasa piga picha pakruok yenye iko na refa. Unajisifu, halafu kuna mathe amekaa kando na kamusi, anakucheki machoni, anakushow: haya, leta. Ukileta, unahesabiwa pointi. Ukikosa, unakula sufuri mbele ya nchi nzima. Hiyo gemu iko, na ilikuwa kwa TV kabla wengi wetu tuzaliwe. Mimi nasema hivi: hakuna mtaa Kenya umeumbwa kuicheza kama Dala, Kisumu yetu. Lakini kuna kitu moja lazima tujifunze kwanza, na ni kubana mdomo pale hatuna uhakika.

Gemu yenyewe

Wafaransa ndio walianza. 1965, jamaa anaitwa Armand Jammot aliweka kwa TV mchezo wa kutafuta neno refu kushinda yote. 1972 namba zikaingia, ikaitwa Des chiffres et des lettres, ikachezwa mpaka 2024. Waingereza waliiona, wakaibeba, wakaibatiza Countdown. Channel 4 ikifunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, hiyo ndio programu ilitangulia zingine zote hewani, na bado iko.

Raundi ni za aina tatu. Kwa herufi, unaitisha tisa bila kuziona: unasema tu unataka irabu ama konsonanti. Saa inaanza kulia, sekunde 30, unasaka neno refu zaidi. Kila herufi ni pointi moja, lakini ukizitumia zote tisa unabeba 18. Kwa namba, unapewa sita, na mashine inatema namba ya kulenga ya tarakimu tatu. Unajumlisha, unatoa, unazidisha, unagawanya, na kila namba unaitumia mara moja tu. Ukigonga penyewe ni pointi 10. Ukikosea kwa tano ama chini ya hapo ni saba, ukikosea kwa kumi ama chini ni tano, na mwenye ako karibu ndio anabeba. Mwisho ni kitendawili: herufi tisa zimevurugwa, wa kwanza kubonyeza kengele akijibu poa anachukua 10.

Yule mathe wa kamusi anaitwa Susie Dent, amekalia hiyo kona tangu 1992. Kwa namba kulikuwa na Carol Vorderman, na tangu 2009 ni Rachel Riley. Wote ni wapole hadi unasahau wako hapo kukunyima.

Ukisema Kisumu, unakula sufuri

Tucheze moja ya Kiswahili. Herufi ni hizi: S, U, M, A, K, I, N, A, U. Weka saa.

Najua venye itakuwa. Kabla sekunde tano ziishe, kuna msee wa Kondele atapiga meza: "Kisumu!" Herufi sita, zote ziko pale, hata zile U mbili. Watu wanashangilia. Refa anatingisha kichwa: jina la mji haliruhusiwi. Sufuri. Nyadhi imemmaliza.

Mwenye ametulia anaona "samaki". Hiyo pia ni sita, na iko kwa kamusi, hakuna mtu atakuuliza kitu. Mwenye ametulia zaidi anaona "maskani", saba. Halafu kuna yule mjuaji atakuja na "ukinusa", saba pia, na hapo vurugu inaanza. Kiswahili si kama Kizungu. Kitenzi kimoja kinabeba mtu, wakati na mtendwa mgongoni, kwa hivyo ukiruhusu kila umbo, gemu haitaisha: ukinusa, akinusa, unasuka, mpaka kesho. Kwa hivyo kama mnacheza Kiswahili, kubalianeni mapema: neno lazima liwe limeingizwa kwa kamusi kama neno la kujisimamia. Kitenzi kinaingia kama shina tu, kwa hivyo "nusa" sawa, "ukinusa" hapana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI yenye ilitoka mara ya kwanza 1981, itawaamulia bila kelele.

Na hapa ndio siri ya gemu yote. Ukiwa na sita ya uhakika na saba ya kubahatisha, unatangaza gani? Ukitangaza saba na haipo kwa kamusi, hupati hata ile sita. Mwenzako na tano yake anakupita akicheka. Kila raundi inakuuliza kitu moja: unajua, ama unajifanya kujua?

Konda tayari ni profesa

Kwa namba, sisi tuko mbele na hatujui. Cheki konda wa mat ya kwenda Kondele. Watu 14 kwa finje ni soo saba, na hajatoa simu. Wawili wamelipa na thao, mmoja ameshuka njiani na anadai ashu yake, mwanafunzi ameomba alipe mbao, na dere anaitisha ya mafuta. Hiyo hesabu yote inafanyika akiwa ananing'inia mlangoni.

Enda Dunga ama soko ya Kibuye, simama mbele ya mama wa omena. Tuseme gorogoro ni rwabe na finje. Mwambie unataka tatu na nusu, halafu mpe thao. Kabla ufunge mfuko ameshakurudishia soo, mbao na ngovo, na anakuuliza kama mama yako alipona. Mama huyo hajawahi kuona Countdown. Lakini amecheza hiyo raundi miaka yote ya biashara yake, na kwake ukikosa hesabu unakosa chakula cha jioni.

Haya, jaribu hii. Namba zako ni 100, 25, 7, 4, 3 na 2. Lengo ni 731. Wasee wengi wataanza kuzidisha 100 kwa 7, wapate 700, halafu waanze kusaka 31 mahali. Inawezekana: 25 na 4 ni 29, na 2 ni 31, imeisha. Lakini cheki ingine: 100 na 4 ni 104, mara 7 ni 728, ongeza 3. Zote zinafika, ila hiyo ya pili inatumia namba nne tu, na ukitumia namba chache kuna nafasi ndogo ya kuteleza ukiieleza ubaoni. Mchezaji mkali anajumlisha kwanza ndio azidishe.

Mwenye aliweka hiyo ujanja kwa historia ni James Martin, Countdown ya 1997. Alikuwa na 25, 50, 75, 100, 3 na 6, lengo 952. Akaanza kueleza pole pole: 100 na 6 ni 106, mara 3 ni 318, mara 75 ni 23,850. Hapo studio ikaanza kucheka, maana ameenda mbali na lengo mpaka haonekani. Akatoa 50, ikabaki 23,800. Akagawanya kwa 25. 952. Vorderman alikuwa anaandika ubaoni macho yakitoka. Ulikuwa umewahi ona pakruok yenye kila neno lake linahakikishwa papo hapo? Ni hiyo.

Kizungu kizito hakisaidii

Sote tunajua sifa zetu. Kenya nzima inatucheka ati Mjaluo anapenda Kizungu cha kupandia ngazi, maneno marefu mpaka unapumzika katikati. Sasa habari mbaya: kwa hii gemu neno la herufi 14 halina kazi, herufi ni tisa tu. Na mwenye anashinda si lazima awe mwenye anaongea vizuri.

Uliza Wafaransa, kwa Scrabble, ile gemu ingine ya herufi, ya ubao. 2015, Nigel Richards wa New Zealand alibeba ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa na hazungumzi Kifaransa. 2024 akafanya hivyo tena kwa Kihispania. Yeye anakariri herufi venye zinakaa pamoja, maana ya neno haimkoseshi usingizi.

Ama uliza Wanaija. Mwaka huo huo wa 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kizungu. Kwa fainali alimpiga Mwingereza Lewis MacKay nne kwa bila. Na Wanaija walijulikana kwa nini? Kwa maneno mafupi, ya herufi tano hivi. Wengine wakihangaika na neno refu la kushangaza watu, wao wanaweka dogo la uhakika na wanaacha ubao ukiwa mgumu kwa anayefuata. Nchi yenye makelele kama Naija ilishinda dunia kwa kunyamaza kidogo. Hapo Dala tunafaa kukaa chini tusikize.

Countdown na Scrabble ni ndugu. Craig Beevers alishinda Countdown 2007, na 2014 akawa bingwa wa dunia wa Scrabble. Na hiyo Scrabble ya kimataifa si kitu ya mbali: 2017 ubingwa wa dunia ulichezwa Nairobi, ukaenda na Akshay Bhandarkar wa Falme za Kiarabu. Mabingwa wa dunia walikuwa safari ya basi ya siku moja kutoka hapa.

Zawadi ni birika

Sasa najua swali lako, omera. Doh iko wapi? Shika kiti: ukishinda kipindi cha Countdown unaenda home na birika ya chai. Ndio, birika. Hakuna jackpoti.

Usicheke bado. Ingia kibanda chochote Nyalenda ama Manyatta saa hii, utapata mbogi imeinamia simu, ndege ya Aviator inapanda, namba inapanda, roho inapanda, halafu ndege inapotea na finje ya lunch. Hiyo pia ni gemu ya namba. Tofauti ni kwamba hiyo namba haijali kichwa chako. Uwe ulipata A ama E, ndege itapaa ikitaka. Na nyadhi ya mtu amebahatika haidumu. Wiki ijayo anakopa fare. Ile birika huwezi iuza bei ya maana, lakini hakuna mtu anaweza sema ulibahatika. Nchi nzima ilikuona ukifikiria.

Na usidhani Kenya haijawahi. Kuna wakati vijana wa kampasi walikuwa wanabonyeza kengele kwa TV, Celtel Africa Challenge, yenye baadaye iligeuka Zain Africa Challenge. John Sibi-Okumu anasoma swali na ile sauti yake, vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania na vya Afrika Magharibi vinang'ang'ana. Watoi walikuwa wanajua majina ya wachezaji venye wanajua majina ya wachezaji wa mpira wa Gor. Iliisha, na hapo mahali pake imebaki wazi.

Anzisha kwa maskani

Huhitaji Channel 4. Okota vifuniko vya soda pale kwa kioski, andika herufi na maka: irabu mfuko mmoja, konsonanti mwingine. Ongeza A na I kibao, Kiswahili kinazila. Kata katoni vipande vya namba: 25, 50, 75 na 100 ni moja moja, halafu moja mpaka kumi mara mbili mbili. Simu moja iwe saa, ya pili izimwe kabisa, hasa ya yule mjanja. Tafuta refa mwenye haogopi mtu. Odijo mstaafu anaweza, ama mama wa omena siku ya namba. Kila mtu anaandika jibu kwa karatasi kabla ya kutangaza, ndio mtu asijifanye alikuwa nalo.

Na wekeni pakruok ndani. Mwenye ameshinda raundi anapewa sekunde 30 zake za kujisifu, watu wakinyamaza. Mwenye alitangaza neno halipo kwa kamusi ananunulia mbogi chai.

Nawaachia kitendawili. Herufi tisa: ZAWANUFIN. Dokezo: chuoni Maseno wamejaa, na wingi hapa naruhusu. Saa imeanza. Ukipata, andika kwa karatasi kwanza.