Goma: Siku ya derbi, kocha hawashi moto, anaupoza

Wiki ya derbi kati ya DC Virunga na AS Kabasha, hakuna mtu wa Goma anayehitaji kuambiwa mechi ni lini. Inazungumzwa sokoni, kazini, juu ya pikipiki, na hata ndani ya nyumba moja ambamo mkubwa yuko upande huu na mdogo upande ule.

Kwa kocha, shida inaanzia hapo. Mashabiki wengi wanafikiri kazi yake siku hiyo ni kuwapandisha vijana hasira: apige kelele, apige meza, awakumbushe heshima ya timu. Lakini mchezaji wa derbi anafika vestiari akiwa tayari anawaka. Jirani amemwonya, rafiki amemcheka, na yule atakayemkaba ni mtu aliyecheza naye mpira utotoni kule Birere, Majengo ao Katindo. Ukimwongezea moto, dakika ya kumi ana kadi ya njano, dakika ya sitini yuko nje, na wenzake wanabaki kumi.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito zaidi. Stade de l'Unité ni uwanja wa umoja kwa jina, lakini umeona mengi. Tarehe 6 Februari 2025, siku chache baada ya AFC/M23 kuuteka mji, mkutano wao mkubwa na wakaaji ulifanyika humo. Katika mji ambao watu wamechoka na milio ya risasi, mchezaji mmoja anayemsukuma muamuzi anaweza kuchafua uwanja mzima. Maneno ya kocha kwa vijana kumi na moja yanafika hadi kwa maelfu waliokaa juu yao.

Mfano mzuri kwa makocha wetu unatoka Dar es Salaam. Tarehe 20 Oktoba 2013, Simba ilikwenda mapumziko ikiwa imefungwa na Yanga 3-0. Kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, mtu aliyeijua mechi hiyo kwa miguu yake mwenyewe: tarehe 19 Julai 1977 alifunga mabao matatu Simba ilipoishinda Yanga 6-0. Kama historia peke yake ingetosha kuamsha timu, hakuna kocha aliyekuwa na historia kubwa kuliko yake.

Lakini kilichoonekana uwanjani kipindi cha pili kilikuwa kazi. Vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian, waliingia, na katikati ya uwanja mchezo ukabadilika. Betram Mwombeki akafunga la kwanza, Joseph Owino la pili, na Gilbert Kaze, beki kutoka Burundi, akasawazisha. Mechi iliisha 3-3, na mpaka leo watu wa Simba wanaikumbuka sare hiyo kama ushindi.

Miaka kumi baadaye, tarehe 5 Novemba 2023, timu hizo zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1. Kipindi cha pili Yanga ya Miguel Gamondi ilifunga mabao manne zaidi ikashinda 5-1. Mawili kati ya hayo yalifungwa na mtoto wa kwetu, Max Nzengeli, aliyetoka Maniema Union ya Kindu.

Mapumziko ni dakika 15 tu. Ukitoa muda wa kutembea mpaka vestiari na kurudi, kocha anabaki na kama dakika kumi. Kocha mwenye akili anawaacha kwanza wanywe maji na wapumue, kwa sababu mtu anayehema hasikii. Kisha anasema mambo mawili ao matatu, si kumi. Kumwambia beki "pambana" ni kumpa kelele. Kumwambia "yule namba saba usimwache ageukie mguu wake wa kulia" ni kumpa kazi, na mtu mwenye kazi hana nafasi ya kugombana.

Hapo hapo anaangalia nani ana kadi ya njano na macho yake yamebadilika. Mashindano mengi leo yanaruhusu kubadilisha wachezaji watano katika nafasi tatu, na mapumziko hayahesabiwi kama nafasi. Kumtoa kijana aliyepandwa na hasira wakati huo hakumwaibishi mbele ya watu, na kunaiokoa timu. Kumsubiri mpaka muamuzi amtoe ni kuchelewa.

Neno la mwisho anamwachia kapiteni, kwa sababu dakika ya themanini, jukwaa likilia, sauti ya kocha haifiki upande wa pili wa uwanja. Ya kapiteni inafika.

Na kazi haiishi kwa filimbi. Aliyeshinda anataka kwenda kucheza dansi mbele ya mashabiki wa wenzake. Aliyeshindwa anamtafuta muamuzi. Dakika hizo tano ndizo zinazoleta mawe. Kocha anayeingia uwanjani wa kwanza, akampa mwenzake mkono huku watu wote wanaona, anawaonyesha vijana wake njia ya kutokea. Kesho yake asubuhi wachezaji wa pande zote mbili watakutana kwenye foleni ya maji, kila mtu na bidoni yake, na itabidi wasalimiane.