Safari ya Aswan, Mji wa Jua na Visiwa

Nyuma ya nyumba yetu hapa Merigi, kaunti ya Bomet, kuna kijito ambacho mtoto wa miaka saba hukiruka bila kulowa miguu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliwaambia watoto wetu siku moja kwamba maji yale huenda hadi Misri. Walidhani baba yao anawafanyia mzaha. Kumbe ni kweli. Vijito vya huku kwetu huteremka hadi mito ya Nyangores na Amala, nayo ikikutana huwa Mto Mara. Mara huvuka mpaka wa Tanzania na kuingia Ziwa Viktoria upande wa Musoma, na maji ya ziwa hutokea Jinja, Uganda, yakiitwa Nile. Tangu siku hiyo wanangu hawakuacha kuuliza ni lini tutakwenda kuyaona maji yetu.

Mwenyezi Mungu alitufungulia njia mwezi wa Desemba, tulipokuwa tukirudi Umra na kupitia Misri. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu mzazi, ambaye anaishi Mji wa Kale, Mombasa. Tuliposema kwamba kutoka Kairo tutapanda treni hadi Aswan, mama alikunja uso.

"Mwanangu, tumetoka kwenye Nyumba ya Mwenyezi Mungu, sasa tukaangalie masanamu?"

Mume wangu alimjibu kwa adabu kwamba Qur'ani yenyewe inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia. "Hatuendi kuyatukuza, mama. Tunakwenda kuzingatia." Mama alinyamaza, akachukua tasbihi yake, nasi tukasafiri usiku kucha kuelekea kusini.

Mji usiojua mvua

Sisi wa nchi ya chai tumezoea mvua ya alasiri. Aswan mwaka waweza kwisha bila tone kuanguka. Asubuhi za Desemba ni baridi kidogo, mchana ni joto la kupendeza, na anga ni buluu tupu kutoka pembe moja hadi nyingine. Ukingo wa mashariki ndipo ulipo mji: soko, misikiti, na barabara pana kando ya mto. Ukingo wa magharibi ni vilima vya mchanga wa rangi ya dhahabu vinavyoteremka hadi majini. Katikati, mto hujigawa kati ya majabali meusi ya matale, na ndiyo sababu kuna visiwa vingi.

Kikubwa katika hivyo ni Elephantine. Humo mna vijiji viwili vya Wanubi, mitende, na magofu ya mji wa kale. Watoto walipenda zaidi kipimo cha mto: ngazi za mawe zinazoteremka majini, na ukutani zimechongwa alama. Wakati wa mafuriko, maofisa walikuwa wakisoma alama hizo wajue maji yamepanda kiasi gani. Maji mengi yalimaanisha mavuno mengi, na mavuno mengi yalimaanisha kodi kubwa.

Tulivuka kwa feluka, chombo cha mbao chenye tanga la pembe tatu. Mama, aliyekulia mbele ya bandari ya kale, alimtazama nahodha akiliweka sawa tanga, akatabasamu kwa mara ya kwanza: "Hawa ni jamaa zetu." Upepo wa huko hutoka kaskazini ilhali mto huenda kaskazini. Kwa hiyo chombo hupanda mto kwa tanga na kurudi kwa mkondo. Hiyo ni neema ambayo mabaharia wetu wanaongoja misimu ya kaskazi na kusi wangeionea kijicho.

"Baba, haya ndiyo maji yetu?" akauliza mwanangu mdogo, mkono wake ukiwa mtoni. Baba yake hakumdanganya. Sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan hutoka milima ya Ethiopia. Maji ya maziwa yetu hupungua mno njiani, kwa kuwa katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yake hugeuka mvuke. "Fungu letu ni dogo," alisema, "lakini limo."

Juu ya kilima cha magharibi tuliliona kaburi la Aga Khan wa Tatu, lililojengwa kwa mawe ya waridi mfano wa makaburi ya Wafatimi. Alifariki mwaka 1957 na kuzikwa hapo mwaka 1959, kwa kuwa aliupenda mji huu na kupumzika humo majira ya baridi. Wazee wa pwani hawajamsahau. Kwa himizo lake iliundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, Mombasa, mwaka 1945, na alikuwa miongoni mwa waliochangia chuo cha MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mama alimwambia mjukuu wake kwamba babu yake alisoma useremala hapo.

Hekalu lililohamishwa

Siku ya pili tulikwenda Philae, hekalu la Isis, mungu wa kike wa Wamisri wa kale. Nguzo zake ni ndefu na kuta zimejaa michoro. Palepale kuna misalaba iliyochongwa na Wakristo walioligeuza kanisa baada ya ibada za kale kupigwa marufuku katika karne ya 6. Humo mna maandishi ya mwisho ya Kimisri cha picha yanayojulikana kuwa na tarehe, ya mwaka 394. Ibada iliyodumu maelfu ya miaka ilizimika hapo. Mama alisoma istighfari, kisha akasema polepole, "Kweli kila kitu kina mwisho wake."

Lakini kisiwa tulichosimama sicho kilichokuwa na hekalu zamani. Bwawa la kwanza la Aswan, lililomalizika mwaka 1902, lilikifanya kisiwa cha Philae kizame sehemu kubwa ya kila mwaka. Kati ya 1972 na 1980, wataalamu chini ya UNESCO walizungushia hekalu ukuta, wakavuta maji, wakalikata vipande makumi ya maelfu, wakakipa kila kipande nambari, na kulijenga upya katika kisiwa jirani cha Agilkia. Kabla ya hapo, kati ya 1964 na 1968, yale masanamu makubwa ya Abu Simbel, mwendo wa kilomita 280 hivi kusini, yalihamishwa mita 65 juu zaidi. Mataifa mengi yalichangia fedha kwa kazi hizo.

Binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alisikiliza yote hayo, kisha akauliza: "Na watu waliokaa huko, walihamishwaje?"

Walioondoka bila makaburi yao

Tulipata jibu ukingo wa magharibi, katika kijiji cha Gharb Soheil, chenye nyumba za kuba zilizopakwa buluu, manjano na nyeupe. Tulikaribishwa katika nyumba ya bibi mmoja wa Kinubi aliyekuwa mtoto mdogo wakati wa uhamisho na ambaye baadaye aliolewa hapo. Alitupa tende na sharubati ya karkade, ile ambayo ndugu zetu wa Zanzibar huiita choya. Mume wangu, aliyesoma Kiarabu, alitutafsiria.

Bwawa Kuu lilianza kujengwa mwaka 1960, likamalizika mwaka 1970. Si haki kutaja hasara yake bila faida: liliipatia Misri umeme na kuikinga na mafuriko na ukame. Lakini nyuma yake lilitanda ziwa la urefu wa kilomita 500 hivi, na nchi ya Wanubi ikawa chini yake. Kuanzia Oktoba 1963 hadi Juni 1964, Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishiwa karibu na Kom Ombo, mbali na mto. Wengine kama idadi hiyo waliondolewa upande wa Sudan. Vijiji vipya vilipewa majina ya vile vilivyozama, lakini nyumba nyingi hazikuwa tayari, na mwaka wa kwanza walifariki watoto wachanga na wazee wengi. Katiba ya Misri ya mwaka 2014, katika kifungu cha 236, iliahidi kuwarejesha na kuendeleza maeneo yao katika miaka kumi. Miaka hiyo imepita, na wazee wangali wakingoja.

Bibi alisimulia kwamba asubuhi ya kuondoka, baba yake aliwapeleka watoto wote makaburini. Walimwagia maji kaburi la babu yao, wakasoma Fatiha, wakapanda chombo.

Mama aliuliza, "Na makaburi je?"

Bibi hakungoja tafsiri. Alielekeza kidole kusini, kisha akakigeuza chini.

Mama aliinua mikono akasoma Fatiha, na yule bibi akasoma naye. Mimi nilitazama sakafu. Tangu baba alipofariki, miaka mitatu sasa, nilikuwa nikimshurutisha mama ahamie kwetu Merigi. Ngazi za nyumba ya Mji wa Kale ni kali na yeye magoti yanamuuma. Kila mara alinijibu, "Baba yako nitamwacha na nani?" nami nilihesabu kuwa ni ukaidi wa uzee. Siku ile, katika nyumba ya watu, nilielewa kwamba alikuwa akinieleza sababu ya kweli, na kwamba sikuwa nimemsikiliza hata mara moja.

Tuliporudi Merigi nilimsimulia habari hizi jirani yangu, mama wa Kikipsigis. Hakustaajabu. Huku kwetu watu bado wanaukumbuka mwaka 1934, sheria ya wakoloni ilipouhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Alisema tu, "Anayehamishwa hubeba vyombo. Waliolala hawabebeki."

Sasa simshurutishi mama tena. Ndugu yangu ameshamtengenezea chumba cha chini ili asipande ngazi, na likizo za shule sisi ndio tunaoshuka Mombasa.

Kwa familia inayopanga safari

Nendeni kati ya Novemba na Februari, kwani kiangazi joto hupita nyuzi 40. Mahekalu yatazameni asubuhi mapema, mkiwa na kofia, maji ya kunywa na viatu vya kutembelea. Nauli ya feluka ipataneni kabla ya kupanda. Misikiti ni mingi na chakula cha halali hakina taabu kukipata. Makumbusho ya Nubia, yaliyofunguliwa mwaka 1997, yanawafaa sana watoto, na karibu yake kuna makaburi ya Waislamu ya zama za Wafatimi, ya matofali ya udongo na kuba ndogondogo. Pitieni muwatolee salamu waliolala humo. Na msiondoke Aswan kabla ya kuketi na Wanubi na kuwasikiliza, kwani mawe yamepata wa kuyasemea duniani kote.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape waliohamishwa subira na haki yao, na atujaalie kuwasikiliza wazazi wetu wangali hai. Amin.