Gettysburg 1863: Rekodi Nane Zilizoamua Vita

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilidumu miaka minne, 1861 hadi 1865, na mapigano yake makubwa ni mengi. Hata hivyo, hakuna lililogharimu watu wengi kuliko lile la Gettysburg, Julai 1 hadi 3, 1863. Mji huo wa jimbo la Pennsylvania ulikuwa na wakazi wapatao 2,400. Ghafla ukavamiwa na askari zaidi ya 160,000, karibu askari 70 kwa kila mkazi, mtoto mchanga akiwemo! Waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea walifika kama 51,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam una nafasi ya watu 60,000. Ukiwaketisha wote hao, yatabaki majukwaa machache tu.

Upande wa majimbo ya Kaskazini ulikuwa na askari kama 94,000, wa majimbo ya Kusini kama 72,000. Lakini wingi peke yake hauelezi ushindi. Miezi miwili kabla, huko Chancellorsville, Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya Kusini na bado ikachapwa. Safari hii nini kilibadilika? Hizi hapa rekodi nane, tukianzia chini na kupanda hadi ile iliyobeba uzito kuliko zote.

8. Kamanda mpya kuliko wote

Jenerali Robert E. Lee wa Kusini alikuwa ameliongoza jeshi lake zaidi ya mwaka mzima. Mpinzani wake, George Meade, alikuwa na siku tatu kazini! Usiku wa manane wa kuamkia Juni 28, mjumbe kutoka Washington aliingia kwenye hema lake na kumwamsha. Meade alidhani mjumbe huyo amekuja kumkamata. Kumbe alikuwa ameletewa jeshi zima, naye akawa kamanda wa nne kulishika ndani ya miezi minane. Ugeni wake haukumponza, kwa sababu alisikiliza. Usiku wa Julai 2 aliwaita majenerali wake kwenye kijumba kidogo cha shamba, akawauliza mmoja mmoja: tubaki au tuondoke? Wakasema tubaki, na tupigane kwa kujilinda. Lee, mzoefu kuliko wote, aliamua kushambulia licha ya pingamizi la James Longstreet, jenerali wake mwandamizi.

7. Mwendo mrefu kuliko wote

Kikosi cha Sita cha Jenerali John Sedgwick kilikuwa kikubwa kuliko vikosi vyote vya Kaskazini, na ndicho kilichokuwa mbali kuliko vyote. Wito ulikifikia usiku wa Julai 1 kikiwa Manchester, jimbo la Maryland. Askari wakatembea usiku kucha na mchana wake, katika joto la Julai, bunduki begani na mzigo mgongoni, zaidi ya kilomita 50. Mbio za marathoni ni kilomita 42, na mkimbiaji akimaliza hupewa maji na medali. Hawa walipofika jioni ya Julai 2 walipangwa moja kwa moja kwenye mstari. Maelfu ya askari wa akiba waliingia uwanjani wakati ambao Lee alikuwa amebakiwa na divisheni moja tu isiyochoka.

6. Kona ya mwisho kuliko zote

Katika jeshi la watu 94,000, lazima mmoja awe wa mwisho kushoto. Mchana wa Julai 2, ncha hiyo ilishikwa na Rejimenti ya 20 ya Maine kwenye kilima cha Little Round Top, watu wasiofika 400 chini ya Joshua Chamberlain, mwalimu wa chuo aliyekuwa na umri wa miaka 34. Muda mfupi kabla, mhandisi mkuu wa jeshi, Gouverneur Warren, alikuwa amekikuta kilima hicho hakina mlinzi ila watoa ishara wachache, akapeleka wito wa haraka. Askari walifika dakika chache tu kabla ya adui. Watu wa Alabama wakapanda mteremko mara kwa mara, wakarudishwa, wakapanda tena. Kila askari wa Maine alikuwa na risasi 60, nazo zikaisha. Chamberlain akaamuru singe, nao wakateremka mbio kama mlango unaofungwa, wakateka adui kwa mamia. Kona ya mwisho ilisimama!

5. Dakika ghali kuliko zote

Jioni hiyohiyo, pengo lilifunguka katikati ya mstari wa Kaskazini na zaidi ya askari 1,000 wa Kusini wakalielekea. Jenerali Winfield Hancock alihitaji dakika chache ili askari wa akiba wafike. Kikosi pekee kilichokuwa karibu kilikuwa Rejimenti ya 1 ya Minnesota, watu 262. Akawaambia washambulie, na wakashambulia. Walioanguka ni 215. Watu 262 ni abiria wa mabasi manne na zaidi, basi moja likiwa la watu 60. Waliobaki ni 47, na hawajazi hata moja.

Wala ushujaa haukuwa wa upande mmoja. Siku ya kwanza, Rejimenti ya 26 ya North Carolina ilipoteza zaidi ya watu 500, hasara kubwa kwa idadi kuliko ya rejimenti nyingine yoyote uwanjani hapo. Kwa mioyo, pande hizi mbili zilitoka sare. Ndiyo maana nafasi nne za juu hazikwenda kwa ushujaa.

4. Jenerali mzee wa Kaskazini na majembe yake

George Sears Greene alikuwa na miaka 62, jenerali mwenye umri mkubwa kuliko wote wa Kaskazini uwanjani hapo, na mhandisi kwa fani. Alipopewa kilima cha Culp's Hill aliwaweka askari wake kazini mara moja: kata miti, laza magogo, rundika mawe, chimba udongo. Jioni ya Julai 2, wenzake wengi waliondolewa kwenda kusaidia upande wa pili wa uwanja. Greene akabaki na watu kama 1,400 dhidi ya divisheni ya Kusini yenye wingi wa zaidi ya mara tatu yake. Boma likawasimamisha washambuliaji gizani. Asubuhi mapigano yaliwaka tena kilimani hapo kwa takribani saa saba, muda mrefu kuliko shambulio jingine lolote la siku hizo tatu. Kilima hakikutoka mikononi mwa Kaskazini.

3. Ukimya mrefu kuliko wote

Wapanda farasi ndio waliokuwa macho ya jeshi la wakati huo, na wa Lee waliongozwa na J.E.B. Stuart. Juni 25 Stuart aliondoka na brigedi tatu bora kulizunguka jeshi la adui. Njiani akateka magari ya mizigo zaidi ya 100, yakamchelewesha. Alimfikia Lee mchana wa Julai 2. Wiki nzima, jeshi la watu 72,000 likiwa ugenini, bila habari za kutosha!

Upande wa pili, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ofisi ya habari za kijeshi ya Kanali George Sharpe iliwahoji mateka na kuhesabu vikosi walivyotoka. Usiku wa Julai 2 ikampa Meade hesabu iliyokamilika: Lee ameshatumia divisheni zake zote, isipokuwa ile ya George Pickett. Meade alijua karata iliyobaki mkononi mwa mwenzake.

2. Kishindo kikubwa kuliko vyote

Saa saba mchana, Julai 3, mizinga ya Kusini kama 150 ilianza kufyatua kwa pamoja, mfyatuo mkubwa kuliko wote wa vita hivyo. Makombora mengi yalipita juu ya mstari wa Kaskazini na kulipukia nyuma, na moshi ukawazuia wapigaji kuona kosa lao. Henry Hunt, mkuu wa mizinga wa Kaskazini, akafanya jambo gumu kuliko kupiga: akanyamaza. Aliinyamazisha mizinga yake mmoja baada ya mwingine ili atunze makombora, adui naye aamini kwamba imevunjwa.

Adui akaamini. Askari wapatao 12,500 walitoka msituni wakavuka uwanja wa wazi wa zaidi ya kilomita moja. Daraja la Kigamboni lina urefu wa mita 680. Ongeza karibu daraja jingine, ondoa kila kivuli, kisha weka uzio wa mbao katikati, wa kuruka ukiwa unapigwa risasi. Mizinga ya Hunt ikafufuka yote. Karibu nusu ya watu hao hawakurudi kwenye mstari wao.

1. Mstari mfupi kuliko wa adui

Bingwa wa mabingwa ni umbo la ardhi! Asubuhi ya Julai 1, John Buford na wapanda farasi kama 2,700 waliteremka kwenye farasi zao magharibi ya mji na kuwachelewesha watu wa Kusini kwa bunduki fupi zilizojazwa kwa nyuma, haraka kuliko bunduki za kushindilia mdomoni kama gobore. Saa hizo chache ziliwapa Kaskazini vilima vya kusini ya mji, nao wakajipanga juu yake kwa umbo la ndoana, urefu wa kama kilomita 5. Lee aliyewazunguka kwa nje alilazimika kujinyoosha zaidi ya kilomita 8.

Piga hesabu. Kaskazini ilikuwa na askari karibu 19 kwa kila mita ya mstari wake. Kusini haikufika 9. Meade aliweza kuvusha brigedi kutoka ncha moja hadi nyingine kwa mwendo usiofika saa moja, njia ikiwa imefichwa nyuma ya vilima. Amri ya Lee ilizunguka mji mzima kabla ya kumfikia jenerali wa mbali, na mashambulizi yaliyopangwa kuanza pamoja yakaanza kwa kupokezana. Akiba ya Sedgwick na hesabu za Sharpe zilizaa matunda kwa sababu mstari ulikuwa mfupi kiasi cha kutumika kwa wakati.

Usiku wa Julai 4 Lee alianza kurudi, msafara wa magari ya majeruhi wake ukinyooka kama kilomita 27. Siku hiyohiyo, mji wa Kusini wa Vicksburg kwenye mto Mississippi ulisalimu amri kwa Ulysses Grant, jenerali wa Kaskazini, na Lee hakuingia tena Kaskazini hadi vita vilipokwisha 1865. Ubingwa wa Gettysburg una majina mengi, lakini kipimo chake ni kimoja: kilomita 5 dhidi ya 8.