Kioo Kinang'aa, Jicho Halioni

Ukiwa karakana, washa kiberiti cha gesi mbele ya kigunduzi cha moto kinachotumia miale ya urujuanimno. Kitalia. Sasa weka kipande cha kioo cha dirisha katikati, uwashe tena. Wewe mwali unauona vizuri, kigunduzi kimya.

Kifaa hiki hutazama miale ya takriban nanomita 185 hadi 260, na kioo cha kawaida huizuia. Utando mwembamba wa mafuta nao huizuia, hata kama machoni petu lenzi inang'aa. Kwa hiyo kwenye bohari la mafuta la pwani, penye chumvi, vumbi na mvuke wa mafuta, kauli ya "nimeangalia, ni safi" haithibitishi lolote. Mafundi wengi hukimbilia kufungua kifaa na kupima bodi. Mimi ningeanza na kitambaa laini na kisafishio alichotaja mtengenezaji. Tambara la gereji hapana: hilo lenyewe lina mafuta.

Kikilia ovyo, kabla ya kukilaumu linganisha saa ya king'ora na kazi za siku hiyo. Kuchomelea kwa umeme hutoa urujuanimno mwingi, tena kutoka mbali. Vigunduzi vya infraredi hutafuta kitu kingine: mnururisho wa mikromita 4.3 hivi unaotoka kwenye kaboni dioksidi ya moto, pamoja na kuchezacheza kwa mwali. Vile vya kanda tatu hulinganisha na kanda za jirani, ndiyo maana havidanganyiki upesi na bomba la moshi la lori.

Umeme upimwe kwenye kigunduzi chenyewe. Paneli inaweza kusoma volti 24 huku waya mrefu ukimeza kadhaa njiani.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa taa maalumu ya mtengenezaji, baada ya kuzuia kwa muda mfumo wa povu na uzimaji wa mitambo, na kizuizi hicho kiondolewe siku hiyohiyo. Vigunduzi vingi vya kisasa hujipima lenzi vyenyewe, lakini havijui kwamba mwezi uliopita mlipitisha bomba jipya mbele yao. Panda ngazi, simama nyuma ya kifaa, utazame kinakotazama.