Klachi ya Mafuta na Land Rover ya Zamani

Mwenye Land Rover ya Series IIA, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka 1961 hadi 1971, akiona gia zinakwaruza ilhali pedali imekanyagwa hadi chini, aghalabu huambiwa na fundi mwenye pupa kwamba sahani ya klachi imekwisha na giaboksi sharti ishushwe. Na kazi hiyo, ambayo katika gari hilo huanza kwa kung'oa viti na sakafu, huweza kumalizika siku ya pili pasipo maradhi kupona. Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu, na taksiri yote ilikuwa ya raba moja isiyofika ukubwa wa sarafu.

Kwani sahani iliyokwisha huteleza, injini ikanguruma na gari lisipande mlima. Ama gia ikwaruzayo hujulisha kinyume chake, yaani klachi haiachi. Tena gia ya kwanza, ya pili na ya kurudi nyuma za gari hili hazina sinkronaizi, hata likiwa zima hukwaruza kwa dereva mwenye haraka. Basi na akanyage, angoje kitambo, ndipo atie gia ya nyuma. Ikikwaruza bado, maradhi yapo.

Sasa mmoja akanyage, na mwingine alale chini aitazame silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi, jinsi mafuta yaliyosukumwa na silinda ya juu yanavyoitoa rodi yake. Rodi ikienda mwendo wake wote, na mikono inayoipokea haina ulegevu, hapo ndipo ndani pastahili kushukiwa, pengine sahani imegandamana na flaiwili kwa kutu baada ya gari kulala miezi mingi. Lakini ikienda kidogo tu, ila imo katika mafuta, na giaboksi iachwe mahali pake.

Pedali iliyo laini kama sifongo, ikakaza ikipigwa mara tatu nne, ina upepo. Unyevu chini ya kifuniko cha raba cha silinda ya chini, au penye rodi ya pedali, ni dalili dhahiri ya kuvuja. Lililo gumu kutambulika ni la silinda ya juu inayopitisha mafuta ndani kwa ndani, bila ya tone kupotea: ukikanyaga kwa kasi pedali hushika, ukikanyaga polepole huzama mpaka sakafuni.

Raba ya ndani inayoyazuia mafuta, hata ikiwa mpya, haifai kitu katika silinda iliyoliwa na kutu, nayo kutu hutokana na maji ambayo mafuta ya breki huyafyonza hewani. Pitisha ukucha ndani, na ukikwama kwenye vishimo, nunua silinda nzima. Mafuta ya injini yasitiwe kabisa, kwani huivimbisha raba. Upepo ukikaidi kutoka kwa kukanyaga, tia mafuta ya breki kwa bomba la sindano kupitia nipeli ya silinda ya chini, maadamu upepo kwa tabia yake hupanda juu. Nayo mafuta hayo yakifurika penye tangi lake la juu yakadondokea rangi ya gari, yaoshwe papo hapo kwa maji, kwani huibambua.